Mstari Mweusi

Umeletwa kwenye chupa ya jemu,
maana chupa za hospitali ziliisha wiki ya Krismasi,
na karatasini mwandiko wa daktari, wa mbio:
paja la kushoto, kinena hadi goti,
miaka kumi na tisa.

Nimekuosha kwa jiki iliyozimuliwa
siku tatu, hadi nyama ikakuachia.
Sasa u mweupe, mikunjo kwa mikunjo
kama tumbo la kodiani,
na ubavuni una mstari mweusi,
uzi uliotiwa rangi kusudi
mpasuaji asikusokote wakati wa kukulaza.

Hapo hapo, kwenye mstari wa kuongoza,
ndipo ulipochanika.

Nje, Łódź inapumua moshi wa Januari.
Jengo hili lilikuwa kinu cha pamba;
sakafuni bado kuna matundu ya skrubu,
safu kwa safu, na kiti changu kina mguu
unaopenda kutumbukia humo.

Kuvuja kwa pakacha, nafuu kwa mchukuzi.
Aliyesema hivyo
hakubebeshwa damu.

Leo mwenye paja kaja mwenyewe.
Wincenty Gruszka, theluji kwenye kofia,
mkongojo mpya, bei bado imebandikwa.
"Nilifunga mitambo humu," akasema,
"safu ya nne, dirisha lile."
Kisha, bila kuulizwa:
"Uvimbe ulianza kama jozi, ukawa unadunda.
Halszka akiweka kiganja usiku ananiambia,
una moyo wa pili wewe, unamfichia nani?"

Sheria hairuhusu. Nikamsogezea hadubini.

Aliinama muda mrefu.
Midomo ikicheza, anahesabu
jinsi wafumaji wanavyohesabu, bila sauti,
wasimwamshe shetani wa kukosea.

"Vitanzi vitatu," akasema.
"Kimoja kiliachia. Jirani akabeba mzigo wa jirani,
naye akachoka. Wa tatu hakuwa na la kufanya.
Kwetu kitambaa hiki kisingevuka meza ya ukaguzi.
Bi Teofila angenirushia usoni."

Akanyamaza. Akafuta jicho, lile la kuchungulia tu.

"Lakini pazia
halipigwi ngumi kila sekunde.
Hili lilipigwa nimelala, nimelewa,
nimesimama foleni ya mkate,
nikicheza polka harusini kwa mwanangu
na daktari amenikataza."

Nikamfanyia hesabu pembeni mwa gazeti:
mapigo milioni mia saba, kasoro kidogo.
Akaangalia zile sufuri
kama mtu anayeonyeshwa deni la marehemu.

Fomu ina kisanduku: *Sababu ya kushindwa.*
Kosa la kiwanda. Kosa la mpasuaji. Mengineyo.
Niliandika kwenye mengineyo:
uchovu wa nyuzi.
Aliisoma kichwa chini miguu juu,
macho ya fundi hayahitaji kugeuziwa karatasi.
"Uchovu!" Akacheka, akajipiga paja,
la kulia.
"Mimi nilistaafu kabla yake."

Nilikuwa nimeanza kufunga chupa.
"Huu mpya nao una mstari?"
Unao.
"Rangi gani?"
Buluu, nikasema.
Akatikisa kichwa polepole
kama aliyetajiwa jina la mpangaji
aliyehamia ukuta wa pili.

Lifti ni mbovu tangu Novemba.
Nilimsikia akishuka: mkongojo, mguu, mguu,
mkongojo, mguu,
hadi ghorofa ya pili,
kisha kimya,
na mimi na kalamu mkononi sijui
kama amefika chini
au amekaa ngazini, kiganja pajani,
anasikiliza.